Wapenzi wa mbio za baiskeli: baada ya habari zote hizi za dawa, mnaendeleaje kushangilia?

#1 PedeliYaPasiansi
Habari za jioni wana jukwaa. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, niliyafuatilia mwanzo hadi mwisho nikiwa hapa Mwanza. Jumapili ya tarehe 28 Tadej Pogačar alichomoka kwenye kupanda mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, na kundi halikumkamata tena. Nilishangilia kwa sauti, na papo hapo nikajiuliza kama ipo siku nitaambiwa kwamba nilishangilia uongo.

Kijana huyo wa Slovenia hajawahi kukutwa na dawa yoyote, nami simtuhumu. Ninachosema ni kwamba mchezo wenyewe ndio uliotufundisha wasiwasi. Lance Armstrong alishinda Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, mara 7 mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2005, na ushindi wote ukafutwa mwaka 2012. Floyd Landis alishinda 2006, akanyang'anywa. Alberto Contador alishinda 2010, naye akanyang'anywa. Dai langu ni kwamba shabiki wa baiskeli hawezi tena kufurahi kwa moyo mzima siku yenyewe ya ushindi. Naomba kusikia kwenu, hasa mnaoendesha na mnaoufuatilia mchezo huu kwa muda mrefu.

#2 Ng'wanaKisesa
Mleta mada, mimi nakataa. Mchezo unaojipekua ndio unaoonekana mchafu, na usiojipekua unabaki na sifa njema. Mwaka 2006 polisi wa Hispania walivamia sehemu za kazi za daktari Eufemiano Fuentes jijini Madrid, wakakuta mifuko ya damu ya wanamichezo imehifadhiwa kwenye majokofu ili warudishiwe kuongeza nguvu. Majina yaliyotangazwa na kuchafuliwa yalikuwa ya waendesha baiskeli, lakini alipofika mahakamani mwaka 2013 daktari huyo alisema wazi kwamba alihudumia pia watu wa mpira wa miguu, tenisi na ndondi. Jaji akaamuru mifuko iharibiwe. Amri hiyo ilipotenguliwa kwa rufaa mwaka 2016, muda wa kuwaadhibu wahusika ulikuwa umekwisha. Shabiki wa mpira hapa Kirumba hajawahi kuulizwa swali hili unalotuuliza sisi.

#3 DerevaUsagara
Hata kama ni hivyo, orodha ya baiskeli imezidi. Armstrong aliponyang'anywa, mataji yake wakapewa walioshika nafasi ya pili, nao hawakuwa wasafi. Hata Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi ambaye tulikuwa tukimwita wa kwetu, si alinyang'anywa ushindi wa Hispania wa 2017 kwa sababu ya dawa ya pumu?

#4 JogooKisumu
Ndugu Dereva, hapo mambo mawili yanahitaji kurekebishwa.

La kwanza, mataji ya Armstrong hakupewa mtu yeyote. Miaka hiyo saba imeachwa wazi kwenye kumbukumbu za Tour, na sababu yake ni hiyo hiyo uliyoigusa: Jan Ullrich, aliyekuwa wa pili mara tatu nyuma yake, alikuja kukiri kwamba naye aliongezwa damu kwa Fuentes.

La pili, Froome hakunyang'anywa kitu. Septemba 2017, kwenye mbio za Hispania, mkojo wake ulikutwa na salbutamoli mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Kesi ikaendelea kwa miezi, na Julai 2018 shirika la baiskeli duniani, UCI, likaifunga bila kumwadhibu. Zaidi ya hapo, mwaka 2019 aliongezewa taji, kwa kuwa Juan José Cobo aliyemshinda kwenye mbio za Hispania za 2011 alifutiwa ushindi baada ya vipimo vyake vya damu kuonyesha kasoro. Froome, aliyefundwa na David Kinjah kwenye vilima vya Kikuyu na akaendesha kwa bendera ya Kenya kabla ya kuhamia ya Uingereza, alipata ushindi wake wa kwanza mkubwa miaka minane baada ya kuusotea. Siku ile jukwaani alisimama mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko dawa zenyewe.

#5 MuuguziZiwa
Asante Jogoo. Naomba kuongeza la kitabibu, kwa kuwa wengi wanazungumzia "dawa" kana kwamba ni uchawi.

Dawa iliyoubadili mchezo huu miaka ya 1990 inaitwa EPO. Ni homoni inayotengenezwa na figo, na kazi yake ni kuuagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Figo zikifa, homoni hiyo hupungua na mgonjwa hukaukiwa damu. Ninafanya kazi katika kitengo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, na sindano hizo tunazitoa kwenye jokofu kila siku ya zamu. Ninamkumbuka mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliyekuwa akipumzika kila baada ya ngazi chache akipanda wodini. Baada ya majuma kadhaa ya sindano alipanda ngazi zile akiongea na simu. Familia yake ilikuwa ikihangaika kupata fedha za kila dozi. Dawa hiyo hiyo, kijana mwenye figo nzima na mapafu kama ya farasi alijidunga ili ashinde mlimani.

Kwa mwanamume mwenye afya, chembe nyekundu ni kama asilimia 40 hadi 50 ya damu. Kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kuigundua EPO, mwaka 1997 UCI iliweka ukomo wa asilimia 50, na aliyezidi alizuiwa kuendesha kwa muda kwa jina la kulinda afya yake. Angalieni matokeo yake: ukomo uligeuka kuwa shabaha, watu wakajidunga hadi wafike 49. Bjarne Riis, mshindi wa Tour ya 1996 aliyekiri mwaka 2007, alikuwa akiitwa na wenzake Bwana Asilimia 60. Damu ya namna hiyo ni nzito, na moyo uliotulia usiku hupata shida kuisukuma.

#6 FundiSpokiIgoma
Shikamooni wakubwa. Mnazungumza ya Ulaya, mimi nitasema ya hapa hapa barabara ya Magu.

Nimetengeneza baiskeli za mashindano kwa miaka mingi. Vijana wananiletea Phoenix, tunang'oa karia, tunang'oa madigadi na kengele, tunainua kiti, tunabadili gia ya nyuma iwe ndogo, na baiskeli iliyobeba mkaa juzi inageuka ya mbio. Asubuhi ya mashindano nimeona kwa macho yangu vidonge vya maumivu vikisagwa kwa kijiko na kumwagwa ndani ya chupa ya soda, na juu yake kinaongezwa kinywaji cha kuongeza nguvu. Vidonge hivyo vinanunuliwa dukani bila cheti. Kijana mmoja alifika Nyanguge jua likiwa kali, ngozi kavu kabisa, jasho limeacha kutoka, na bado anakanyaga pedeli. Tulimshusha kwa nguvu, tukamlaza chini ya mwembe na kummwagia ndoo za maji. Alipopata fahamu, kitu cha kwanza alichouliza ni nafasi yake.

Zawadi ya kwanza ilikuwa fedha ya kununua ng'ombe wachache. Kwa hiyo mkisema tatizo ni mamilioni ya Ulaya, mimi sioni hivyo.

#7 MwalimuMagu
Fundi, ulichokieleza ni kifo cha Tom Simpson, isipokuwa ninyi mlikuwa na busara ya kumzuia mtu wenu. Tarehe 13 Julai 1967 Simpson, bingwa wa zamani wa dunia kutoka Uingereza, alianguka akipanda mlima Mont Ventoux kwenye Tour, katika joto kali. Watu walimrudisha juu ya baiskeli, akaenda kidogo, akaanguka tena na hakuamka. Mwilini mwake zilikutwa amfetamini pamoja na pombe, na vidonge vilikuwa mfukoni mwa jezi yake. Amfetamini haimpi mtu nguvu mpya. Inamficha habari kwamba nguvu zimekwisha.

Sasa niseme maelezo yangu, kwa sababu naona tunawalaumu waendeshaji peke yao. Mbio hizi za Tour zilibuniwa kwa ajili ya kuuza gazeti, na ugumu uliopita kiasi ndiyo bidhaa iliyouzwa tangu 1903. Mwaka wa pili tu, 1904, mshindi Maurice Garin na wenzake wa mbele walifutiwa matokeo kwa udanganyifu, na wapo waliotuhumiwa kupanda treni. Mwaka 1924 ndugu Henri na Francis Pélissier walijitoa, wakamwonyesha mwandishi wa habari kokeini na vidonge walivyokuwa wakitumia ili waweze kumaliza. Umbali wa zaidi ya kilomita 3,000 kwa majuma matatu, mkataba wa mwaka mmoja au miwili, meneja anayetaka matokeo: mtu akiwekwa hapo atatafuta msaada, na daktari atapatikana. Julai 1998 forodha ya Ufaransa ilipolisimamisha gari la Willy Voet wa timu ya Festina, lilikuwa limejaa EPO na homoni za ukuaji kwa ajili ya timu nzima. Mkurugenzi wa timu alikiri kwamba ulikuwa ni mpango wa timu, chini ya uangalizi wa daktari. Hapo kosa la kijana mmoja mmoja liko wapi?

#8 Ng'wanaKisesa
Mwalimu, ukizungumzia mashindano na dawa mbele ya Msukuma umegusa penyewe. Bagika na Bagalu, vikundi vyetu vikubwa vya ngoma, vinatokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na mpaka leo kila upande unajulikana kwamba una dawa zake za kuvuta watazamaji. Ukienda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu yetu ya mashindano ya ngoma, hakuna anayelalamika kwamba upande wa pili umetumia dawa. Wote wanazo, wote wanajua, na anayeshinda ni mwenye watazamaji wengi zaidi. Nimewahi kufikiri kwamba miaka ile ya Armstrong ilikuwa hivyo: wote walikuwa nazo, na aliyeshinda ndiye aliyekuwa bora kati yao.

#9 MuuguziZiwa
Kaka, hilo la "wote walikuwa nazo, kwa hiyo mizani ilikuwa sawa" ndilo ninalolipinga kwa nguvu zote. Mtu ambaye kwa asili ana asilimia 48 na mwenye asilimia 41 wakipandishwa wote hadi 50, wa pili amepata faida kubwa mno na wa kwanza karibu hakupata kitu. Dawa haikuongeza kiwango kimoja kwa kila mtu. Ilipanga upya nani ni bora kwa kufuata nani mwili wake unaitikia dawa vizuri na nani ana daktari hodari. Wachezaji wa Bulabo hawalali usiku na damu iliyoganda miguuni.

#10 MamaNansio
Nimewasoma wote na nashukuru. Ninyi mnahesabu walioshinda, mimi nitataja aliyekataa.

Christophe Bassons alikuwa mwendeshaji wa Festina, timu hiyo hiyo aliyoitaja Mwalimu. Wenzake walipohojiwa mwaka 1998 walieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa hatumii. Mwaka uliofuata, akiwa timu nyingine, aliandika gazetini wakati wa Tour kwamba kasi ya kundi inamtia shaka. Kundi zima likamtenga. Armstrong, akiwa ndani ya jezi ya njano ya anayeongoza, alimsogelea njiani siku ya Alpe d'Huez akamwambia kwamba anayoyasema yanaudhuru mchezo na ni afadhali aende zake. Bassons aliondoka kwenye mbio kabla hazijaisha. Mimi huku Ukerewe nimekwenda sokoni kwa baiskeli tangu nikiwa msichana, na watoto wangu wote wameenda shule kwa baiskeli, kwa hiyo mchezo huu naupenda kwa sababu najua upepo wa mbele unavyouma mapaja. Lakini kila ninapoona picha za 1999 macho yangu yanamtafuta yule mmoja aliyesukumwa nje, na siwezi kumwangalia aliyeko mbele. Mwalimu, mpango wa timu ulikuwapo, na bado mtu mmoja aliukataa. Kwa hiyo kosa la kijana mmoja mmoja lipo.

#11 MwalimuMagu
Mama, heshima yako. Nakubali kwamba Bassons alikuwapo. Nasisitiza kwamba mchezo unaohitaji mashujaa ili mtu abaki msafi umejengwa vibaya.

#12 PedeliYaPasiansi
Turudi kwenye siku hizi, maana hapo ndipo moyo wangu unapogawanyika. Mwaka 1998 Marco Pantani alipanda Plateau de Beille kwa zaidi ya dakika 43, katika zama ambazo leo tunajua EPO ilikuwa imetapakaa. Yeye mwenyewe mwaka uliofuata alitolewa kwenye mbio za Italia akiwa anaongoza, damu yake ikiwa asilimia 52. Mwaka 2024 Pogačar alipanda mlima huo huo kwa takriban dakika 40. Jonas Vingegaard aliyemfuata naye alikuwa chini ya muda wa Pantani. Nielezeni.

#13 KashaiJuu
Kutoka Bukoba nawasalimu. Pedeli, kipo cha kueleza, hata kama hakimalizi yote. Zamani waendeshaji walikula kidogo wakiamini wepesi ni njaa. Leo wanameza hadi gramu 120 za sukari na wanga kwa saa, na tumbo lenyewe linazoeshwa kazi hiyo kwa miezi. Baiskeli, nguo na matairi yanapimwa kwenye mtambo wa kupuliza upepo ili kuona yanavyopenya hewa. Wanaishi milimani kwa majuma kabla ya msimu. Tena muda wa mlima hutegemea upepo, mwendo wa kundi kabla ya kufika chini yake, na kama kuna timu inayosukuma kwa kasi tangu mwanzo wa mlima.

Mimi nilivuka Rusumo nikaenda Kigali kushuhudia. Nilisimama kwenye mawe ya Kimihurura, na kila mzunguko kundi lilikuwa dogo zaidi. Kinachoonekana pale huwezi kukiona kwenye simu: midomo imepauka, chumvi imeganda kwenye mikanda ya kofia, na watoto wa Kigali wanakimbia pembeni wakiita majina. Biniam Girmay wa Eritrea alipopita, kelele zilikuwa kubwa kuliko za mtu yeyote, na alistahili, kwani mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour, yaani mbio za siku tatu kati ya zile za majuma matatu, na kurudi na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hayo. Nilipotoka pale sikuwa na nusu moyo wowote.

#14 DerevaUsagara
Kashai, umeeleza vizuri, lakini hukugusa kinachotutia shaka. Ni wale wale. Mauro Gianetti anayeiongoza timu ya Pogačar ndiye aliyekuwa meneja wa Saunier Duval mwaka 2008, pale Riccardo Riccò alipokamatwa kwenye Tour na aina mpya ya EPO na timu nzima ikajiondoa. Alexandre Vinokourov alikamatwa mwaka 2007 akiwa na damu ya mtu mwingine mwilini, akaadhibiwa, akarudi, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na baadaye akawa bosi wa timu ya Astana. Nyumba imepakwa rangi, wakaazi hawajabadilika.

#15 MuuguziZiwa
Lililobadilika ni upimaji. Tangu 2008 kila mwendeshaji wa ngazi ya juu ana pasipoti ya kibaolojia, ambamo vipimo vyake vya damu vinafuatiliwa kwa miaka, na damu yake ya leo inalinganishwa na yake mwenyewe ya nyuma. Cobo alinaswa kwa njia hiyo. Anatakiwa pia kutoa taarifa ya mahali alipo kila siku, na akikosekana mara tatu katika miezi 12 anahesabiwa kuwa na kosa. Mwaka 2007 Michael Rasmussen aliondolewa na timu yake mwenyewe akiwa amevaa jezi ya njano, Tour inakaribia kwisha, kwa kudanganya kwamba alikuwa Mexico wakati alikuwa Italia. Sampuli zinahifadhiwa na zinaweza kupimwa upya hadi miaka 10. Wanaotumia dozi ndogo ndogo bado wanaweza kupenya, sitawadanganya, lakini kujipandisha hadi asilimia 60 hakuwezekani tena.

#16 JogooKisumu
Huku kwetu tunayajua machungu haya kupitia riadha. Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 2:10, na nchi nzima ilisherehekea. Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu baada ya sampuli ya Machi mwaka huo kukutwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, ambayo imekatazwa kwa kuwa huweza kuficha dawa nyingine. Rekodi yenyewe imebaki vitabuni kwa sababu ilitangulia sampuli hiyo. Niambieni, mtoto wa shule anayekimbia Iten aisomeje rekodi hiyo?

#17 FundiSpokiIgoma
Wakubwa, ninyi mna pasipoti ya damu. Mimi nina vijana wanaosaga vidonge. Kwenye mashindano yetu sijawahi kuona mtu akipewa hata kichupa cha mkojo. Nimependekeza kwa waandaaji wa huku kwetu kwamba awepo muuguzi pale mwanzo, apime presha na azungumze na kila mmoja, na mwenye dalili azuiwe. Dada Muuguzi, je, hilo lingesaidia?

#18 MuuguziZiwa
Lingesaidia kuokoa uhai, Fundi, hata kama halitamkamata mdanganyifu. Ongeza maji na chumvi kila baada ya kilomita chache, na mbio zianze alfajiri. Waambie vijana kwamba vidonge vya maumivu vikichanganywa na kukaukiwa maji vinaua figo, na wakitaka kujua figo iliyokufa inafananaje waje kitengoni kwetu nitawaonyesha, wagonjwa wakiridhia.

#19 MwalimuMagu
Kuhusu hoja ya Dereva, mimi ningependa aliyewahi kufungiwa asiruhusiwe kamwe kuongoza timu. Kuendesha tena baada ya adhabu, sawa. Kuwalea vijana, hapana.

#20 JogooKisumu
Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. David Millar wa Uingereza alifungiwa miaka miwili mwaka 2004 kwa EPO, akarudi akiwa anazungumza waziwazi alivyoingizwa na nani anafaidika, akakaa hata kwenye kamati ya wanamichezo ya shirika la dunia la kupambana na dawa, WADA. Tarehe 13 Julai 2012, miaka 45 kamili baada ya kifo cha Simpson, alishinda hatua ya Tour. Ukiwafungia wote maisha, anayejua sindano inafichwa wapi hatakuwa na sababu ya kusema, na timu zitabaki na wale ambao hawajakamatwa, jambo ambalo ni tofauti kabisa na wasafi. Mimi ningemweka Millar awafundishe vijana wa Fundi kesho asubuhi, na Vinokourov, ambaye sijasikia akieleza lolote la maana kuhusu 2007, nisingempa hata pampu ya kujazia upepo.